Kengele ya Chumba cha Tisa

"Huyu wa chumba cha tisa ataniua kabla yeye hajafa!" Sista Tsonka aligonga kioo cha kompyuta kwa kucha. "Tazama mwenyewe. Tisa, tisa, tisa. Skrini nzima ni yeye!"

Ognyan, fundi wa kompyuta, akavuta kiti. Kila mzee alipobonyeza kengele kitandani, mashine iliandika mstari mmoja: saa, kisha chumba. Wauguzi wa nyumba ile ya wazee, mlimani juu ya mji wa Gabrovo, Bulgaria, waliifukuzia mistari hiyo kutwa mpaka miguu ikawavimba.

"Kwani anaumwa?"

"Moyo mbovu. Siku moja atabonyeza kwa kweli, najua. Lakini leo anataka afunguliwe dirisha."

"Na mkichelewa anawatukania mama zenu."

"Ee! Umejuaje?"

"Wazee wote ni wale wale, sista."

Tsonka akacheka. Alimpenda kijana huyu, aliyekuja mwenyewe kuomba kibarua pale kwa mshahara ambao fundi yeyote wa mjini angeucheka. "Nipunguzie basi, mwanangu. Chumba kimoja, mstari mmoja. Tukishaenda, tumeenda."

Ilikuwa kazi ndogo. Amri fupi za Unix, mfumo ulioiendesha kompyuta ile, huungwa kama mabomba, maandishi yanayotoka kwenye moja yakamiminikia nyingine. Ognyan aliweka amri ya kufuta marudio, isifute kitu. Kila mstari ulikuwa na saa yake, na kwa mashine kila wito ulikuwa wito mpya. Basi akatanguliza amri ya kukata saa, na nyingine ya kuikusanya pamoja mistari inayofanana. Sasa mzee angeweza kubonyeza kutwa nzima, na chumba chake kingeonekana mara moja tu, tangu asubuhi.

"Na akizidiwa kweli?" aliuliza Tsonka.

"Mstari wake si huo hapo, sista?"

Tsonka akaridhika. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu, masikini.

Wiki ile wauguzi walimwokea banitsa, andazi la tabaka lenye jibini, wakamwita malaika. Ognyan alikula, akalamba vidole, akavaa koti aende zake. Nyuma yake walikuwa wakinywa kahawa kwa raha, skrini imetulia.

Ukumbini, taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima juu ya mlango wa tisa. Ndani mtu alikuwa akihema kwa shida. Ognyan akasita, akatazama nyuma, kisha akaingia haraka.

Mzee alikuwa na midomo ya buluu, dole gumba limeng'ang'ania kitufe. Alipomwona mtu, macho yakamjaa machozi ya shukrani.

Ognyan akamwinamia, akamfuta jasho.

"Hawaji, baba," alisema kwa upole. "Na wewe hukuja, uliponifungia kwenye stoo ya makaa nikiwa mtoto, nikagonga mpaka kucha zikang'oka."

Akatoka, akaurudisha mlango taratibu, asiwasumbue wauguzi.