Koki ya Mafuta

Nuriati alitazama kipimajoto cha mashine ya kutotolesha vifaranga, akaona joto limeshuka tena. Mayai thelathini yalikuwa ya kuanguliwa kesho, na yakipoa ndiyo basi, yamekufa. Jenereta ya lile basi kuukuu, nyumba yao ya kuzunguka minadani, ilikuwa kimya tangu wafike asubuhi.

Alishuka. Nje, mumewe Mbwana alikuwa ameifumua jenereta nzima na kuvitandaza vyuma juu ya turubai.

"Baba Chausiku, koki ya mafuta umeitazama?"

"Mwanamke, huu ni ugonjwa wa kabureta. Koki ni mambo ya watoto!"

Nuriati aliinama, akazungusha koki chini ya tangi. Petroli ikabubujika juu ya turubai. Akaifunga haraka.

"Nani huifunga kila tukianza safari?"

Mbwana alivitazama vyuma vyake. Kuvirudisha kungemaliza mchana wote.

"Mimi," alisema.

"Vua shati."

"Mama Chausiku, watu wanapita!"

"Wapite! Nenda ukalale chali kitandani. Hicho kitambi nimekilisha tangu harusi, leo kitafanya kazi. Spana nipe mimi."

Alimpangia mayai tumboni na kwapani, akamfunika blanketi mbili, akatoka akiubamiza mlango.

Mbwana alilala bila kuthubutu kukohoa. Huko nje chuma kiligonga chuma, na jina lake likatajwa vibaya. Kisha, chini kidogo ya kitovu, kitu kikamgonga mara mbili kutoka ndani ya ganda.

"Taratibu," akakinong'oneza, "mama yako amekasirika."