Samaki Peke Yao

"Matumbawe, au samaki peke yao?" muuza samaki wa mapambo aliuliza, akifuta kioo cha tangi kwa kitambaa.

"Matumbawe," mume wangu alijibu upesi. Tangu astaafu ualimu alikuwa akiota kuwa na kipande cha bahari sebuleni. Shati lilimpwaya, kola imeachana na shingo, lakini macho yalimng'aa kama ya mtoto.

"Basi mzee, ujiandae. Matumbawe hayana haraka. Tunaanza na vipande vidogo kama ukucha, na mpaka vikue vishikane ni miaka miwili, mitatu. Samaki peke yao, mwezi ujao tu unawafurahia."

"Miaka mitatu si kitu," mume wangu akasema, akicheka. "Nina kazi gani nyingine?"

Asubuhi hiyo hospitalini daktari alikuwa ameniita pembeni, mume wangu akiwa bado anavaa viatu baada ya kupimwa. Nilijiapiza nimwambie tukifika nyumbani, akishaketi.

"Tuchukue samaki," nikasema.

"Mama watoto! Si wewe uliyeyapenda matumbawe?"

Nikakodolea macho samaki mmoja wa manjano.

Kidole cha mume wangu kilikuwa kikifuata tumbawe la zambarau juu ya kioo, kila pindo lake, taratibu. Kikasimama. Alinitazama usoni, na kicheko kikamwisha.

Kisha akamgeukia muuzaji.

"Samaki," akasema. "Unaweza kuja kuanza leo?"