Mlango Unaomkumbuka Baba

Siku hizi mlango haufunguliwi kwa ufunguo wala kwa alama ya kidole. Unaunong'onezea kumbukumbu ambayo hujawahi kumsimulia mtu, nao unafunguka. Ukishaitoa kwa binadamu mwenzako, haikufai tena, maana nyumba husikia kila kitu.

Ndiyo maana Saumu alikua bila kujua babake, aliyefariki binti huyo angali mchanga, alikuwa mtu wa namna gani. Kila alipouliza, mamake, Bi Mwanakombo, alimkatiza, kwani mlango wao ulikubali kumbukumbu za mumewe tu. "Acha, mwanangu. Utatulaza nje."

Jioni hiyo walirudi kutoka sokoni, mchicha umeshaanza kunyauka kikapuni. Bi Mwanakombo aliinamia mlango. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

"Nilikuwa nayo sasa hivi," alisema. "Baba yako alikuwa amesimama mahali, ameshika kitu..."

Mama alikuwa ameanza kusahau chumvi, kisha majina ya majirani. Hili Saumu hakulitarajia.

"Niambie hata kipande, mama, nikusaidie."

"Sina hata kipande."

Saumu aliusogelea mlango, akausemesha kwa adabu kama anayeomba kwa mtu mzima. "Tafadhali, mkumbushe. Unamjua baba."

"Ninamjua vizuri sana," mlango ulijibu kwa upole. "Lakini siruhusiwi kumsimulia mtu yeyote."

Bi Mwanakombo aliweka kikapu chini, akabandika sikio kwenye ubao.

"Hebu uulize mlango," alimnong'oneza bintiye, "kama baba yako alinipenda."