Wavu wa Tangi la Pili

Baba alirudi kutoka banda la samaki akiwa mkavu, shati limenyooka, anapiga mluzi. Ilikuwa siku ya ishirini na sita ya kuwatisha perege.

"Leo umewakimbiza vizuri?" binti yake alimuuliza.

"Wamenikoma," alisema baba, akaomba chai.

Binti aliandika kwenye daftari: wamekimbizwa. Utafiti wake wa shahada ulikuwa umeshaharibika mara moja, umeme ulipokatika na samaki wote wakafa, na chuo kilimwambia wazi kwamba hakuna mara ya tatu. Safari hii alikodi kwa mfugaji matangi mawili, kila moja na chumba chake. Samaki wa tangi la kwanza wanalishwa na kuachwa watulie. Wa tangi la pili wanakimbizwa kwa wavu dakika kumi, kila siku saa nane mchana. Kisha fundi wa maabara anawatoa damu wote, ijulikane homoni ya hofu imepanda kiasi gani, ile dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea imetoka kiasi gani, na kinga ya magonjwa imebaki kiasi gani.

Saa nane binti yuko darasani. Kazi ya wavu akampa baba, karani mstaafu, ambaye hakuwa na shughuli nyingine zaidi ya kuwachosha watu wa nyumbani.

Maana baba alikuwa na kisa kimoja. Kilihusu cheo alichonyimwa miaka kumi na tisa iliyopita, akapewa mtu ambaye baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kilianza kwenye chai na kuisha watu wakisinzia, na kila alipomtaja bosi wake alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Kaka mtu alihama nyumba kwa kisingizio cha kazi. Mama alianza kuumwa vidonda vya tumbo.

"Baba yako ana nini siku hizi?" mama alinong'ona jikoni. "Mwezi mzima hajamtaja yule bosi. Goti haliumi. Na mimi juzi nimekula pilipili, tumbo kimya."

"Mazoezi hayo, mama. Namtuma dakika kumi, anarudi baada ya saa mbili. Anaipenda kazi."

"Basi huo utafiti usiumalize, mwanangu."

Ukaisha hata hivyo, na majibu yalikuwa mazuri kuliko alivyothubutu kuomba. Tangi la kwanza, wazima wa afya. Tangi la pili, mapezi yamechakaa, ukungu mweupe mgongoni, hofu juu, kinga chini. Dawa ya maumivu ilikuwa imejaa damuni tele, na haikuwasaidia kitu.

Siku ya kuutetea utafiti, profesa alivua miwani.

"Dakika kumi tu kwa siku? Nimesoma damu za samaki miaka mingi. Hawa waliteswa. Ni wavu wa namna gani huu?"

"Wa kawaida, profesa. Ila baba yangu hafanyi kazi nusunusu."

Wakacheka, wakampitisha.

Binti alilia kwa furaha njia nzima. Hakwenda nyumbani. Alijua baba yuko bandani, kwa sababu hata baada ya kipimo cha mwisho alikataa katakata kuacha, akisema samaki wameshamzoea.

Nyuma ya mlango aliukuta wavu. Ulikuwa bado kwenye nailoni ya dukani.

Ndani, perege wote walikuwa wamejibana kona ya mbali. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amewasogelea karibu, kiganja kiko hewani.

"Sasa sikilizeni," alisema, akaupiga ubavu wa tangi, maji yakaruka. "Hapo bado sijafika kwa bosi mwenyewe."