Diski ya Fundi Saa

Fundi saa alibandika lenzi yake jichoni, akaigeuza diski kuukuu ya kompyuta chini juu, akaipekua ubavu kwa ubavu kama mtu anayetafuta chawa. Kisha akairudisha kwenye kaunta. Haikuwa yenyewe.

"Baba, hizo ni diski, si wachumba," alisema Mama Waya, mwenye duka.

Ilikuwa hivyo kila Alhamisi. Mama Waya aliuza vipuri vya kompyuta vilivyotumika, na alishamshauri mzee huyu mpaka ulimi ukamkauka. Mtu anayejiundia kompyuta ya kwanza, na mfuko wenyewe mwepesi, achukue zile diski mpya ndogo zisizo na kinachozunguka ndani. Bei yake haiui mtu, na kompyuta inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Hizi kuukuu zina kelele, zimechoka, na siku ya kufa hazipigi hodi. Mzee aliitikia kwa kichwa, halafu akaomba aonyeshwe kuukuu nyingine.

Ukweli ni kwamba kompyuta hakuwa na haja nayo. Alitaka diski moja tu duniani.

Mkewe alipoambiwa na madaktari kwamba hana muda mrefu, alikaa mbele ya kompyuta yao ya nyumbani akarekodi sauti yake mara kumi na mbili. Hakuaga. Alimwelekeza mumewe namna ya kuishi: jinsi ya kuloweka mashati meupe, nani wa kumpigia simu bomba likipasuka, maneno gani asithubutu kumwambia binti yao akiwa amekasirika. Ya mwisho aliipa jina "Usiharakishe". Basi mzee hakuharakisha. Alisikiliza moja kila mwezi, kwa sababu aliona zikiisha atakuwa amefiwa mara ya pili. Alikuwa amefika ya nne wezi walipong'oa dirisha wakabeba kompyuta nzima.

Nakala hakuweka, hata hakujua kama zinawekwa. Alichokuwa nacho ni alama. Mafundi saa wa zamani wana desturi ya kuchora alama ndogo kwa sindano ndani ya mfuniko wa kila saa waliyoitengeneza, ili ikirudi waijue. Siku moja, akiwa ameifungua ile kompyuta kupuliza vumbi, mkono uliozoea ulijiendea wenyewe ukachora ubavuni mwa diski: mishale miwili ya saa na nukta.

Aliambiwa kwamba vitu vilivyoibwa mtaani huishia kwa Mama Waya, ambaye hununua kwa mafungu wala hajui vimetoka wapi. Siku ya kwanza mzee aliingia akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, iwapo diski za pale hufutwa kabla ya kuuzwa. Mama Waya alikunja uso.

"Kwani wewe ni askari?"

Mzee aliona wazi kwamba akisema ukweli, kesho yake zile diski zote zitakuwa zimehamishwa. "Askari wapi, mwanangu," alisema. "Nataka kuunda kompyuta yangu ya kwanza. Ila sipendi kukuta vitu vya watu humo ndani."

Mama Waya alicheka. Alisema pale hawafuti, kazi hiyo inakula siku nzima, kila mnunuzi atafuta mwenyewe kwake. Mzee alirudi nyumbani siku ile akitembea kama kijana.

Lakini uongo wake ulimfunga. Ilibidi kila Alhamisi anunue kitu asije akashtukiwa, leo kasha, wiki ijayo feni, mara kibodi iliyokosa herufi mbili. Mikono iliyozoea skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta haikupata taabu kuunganisha. Miezi saba ikapita, na mezani kwake ikawa imesimama kompyuta kamili, imekosa diski tu. Binti yake alimsihi aache, ile diski ilishavunjwa au ilishavuka mipaka. Mzee hakubishana naye. Yeye mwenyewe alishakufa moyo, alikwenda dukani kwa sababu hakujua tena Alhamisi ni ya kufanyia nini.

Na leo, mzee akiwa ameshaanza kuifunga lenzi yake kwenye kitambaa, Mama Waya alimwambia asubiri. Aliinama chini ya kaunta, akatoa diski iliyofungwa kwa gazeti.

"Hii nimekuwekea wewe. Wawili wameitaka, nimewanyima."

Mzee aliigeuza. Mishale miwili. Nukta.

Aliegemea kaunta. Miezi saba yote alikuwa amejizuia kulia, na sasa nusura alie mbele ya mteja mmoja aliyekuja kununua chaja. Alijikaza kisabuni, akauliza bei kwa sauti ya kila siku.

"Nipe ya chai tu, umeshaniungisha sana," alisema Mama Waya. "Nimeipima, haina kelele. Halafu imekaa kwenye mashine siku mbili nzima, nimeifuta mwanzo mpaka mwisho. Hata aje fundi gani, harudishi kitu. Si uliniambia hupendi vitu vya watu? Wengine siwafanyii hivi."

Mteja wa chaja alilipa akaondoka. Mzee alikuwa bado ameishika diski kwa mikono miwili.

"Kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Sauti za mama mmoja hivi. Ile ya mwisho niliisikiliza yote kabla sijafuta."

"Alisema nini?"

Mama Waya aliinua macho darini, akajaribu kwa moyo wote, kwa sababu alimpenda mzee huyu.

"Wala sikumbuki, baba. Siku hiyo kulikuwa na wateja wengi."