Mguu wa Kushoto wa Mzee Salvator

Sahani ya mchana iliingia chumbani imefunikwa kitenge, kama kitu cha wizi.

"Kula, mutoto yangu," Mama Eugénie alinong'ona, akausukuma mlango kwa kisigino. "Lakini polepole. Kijiko isilie."

"Juu ya nini, mama?"

"Batu ba hapa bako na masikio mingi."

Gisèle alikula ugali na sombe, kisamvu cha kwao, kimya kimya, jicho likiwa kwenye kompyuta. Hakuwa na muda wa kubishana. Chuoni Mbarara msimamizi wake alikuwa amemwambia waziwazi: muhula ukifunguliwa bila riwaya nzima mezani, shahada ya uzamili basi, na udhamini basi. Na udhamini wa mkimbizi ukishapotea haurudi.

Likizo iliyopita alirudi kwa mama yake, kambini Rubondo, na nia hiyohiyo, akaandika kurasa nne. Kila alipokaa, mtu alibisha hodi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwa na riwaya ya kumaliza. Kakoba, mtaa wa Mbarara alikopanga chumba, ndiko kubaya zaidi, maana bodaboda zilinguruma mpaka ndani ya sentensi. Kwa hiyo likizo hii ndefu ilipoanza, hata begi hajalitua, alimlilia mama yake.

"Ile uniachie mimi," Mama Eugénie alisema, akachukua jerikeni na kwenda bombani, kwenye foleni ya maji.

Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi. Waliopita njiani walishusha sauti. Wanawake waliotoka bombani wakigombana walinyamaza wakiukaribia ua, wakaanza tena mbele ya safari. Na jioni, jua likishazama, majirani walileta chakula: maharage, ndizi, mara samaki wa ziwani. Mchana hakuna aliyeleta hata kipande cha muhogo, lakini Gisèle ni mtu wa vitabu, saa za watu kugawa vyakula hazikumshughulisha.

Moyo wake ulijaa. Watu waliokimbia vita, wanaolima kiploti kidogo, na bado wanaiheshimu fasihi namna hii! Aliapa kulitaja jambo hilo kwenye utangulizi.

Wa kwanza kuja dirishani alikuwa Marcienne, jirani Mrundi aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto.

"Dada Gisèle, usinisahau humo ndani."

Gisèle alitabasamu. Kumbe wanataka kuingia kitabuni! "Siwezi kukusahau. Unataka nini?"

"Mapacha," alisema Marcienne, akajifuta macho, akaondoka haraka.

Wiki hiyohiyo, katika sura ya tatu, Marcienne akajifungua mapacha.

Wa pili alikuwa Mzee Salvator, wa nyumba ya pili, ambaye alivua kofia kabla ya kulisogelea dirisha. Kule chuoni hata mkuu wa idara havuliwi kofia.

"Binti yangu, na mimi unikumbuke. Na huu mguu uutaje. Wa kushoto. Usije ukataja wa kulia, huo hauna neno."

Gisèle alifurahi. Ni wahusika wangapi wanaokuja na maelezo yao kamili mpaka dirishani?

Basi akaandika kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa na tabia ya kusoma mazungumzo ya wahusika wake kwa sauti, akizunguka chumba, mara Kiswahili, mara Kifaransa, mara Kibembe cha kwao, akicheka nao na kulia nao. Huko nje aliyesikia alisimama kidogo, akainamisha kichwa, kisha akaendelea na njia yake. Sura zikazaana. Salvator wa kitabuni akakua mpaka akawafunika wote, huku akichechemea kwa mguu wake wa kushoto.

Mwisho wa likizo ukafika, na riwaya haikuwa na mwisho. Hadithi isiyojua pa kuishia huishia makaburini. Asubuhi ile Gisèle akamuua mzee. Alimpenda sana, kwa hiyo alimzika vizuri; akayasoma mazishi yote kwa sauti, machozi yakimtoka kweli, kisha akaandika TAMATI na kucheza peke yake katikati ya chumba. Shahada imepona!

Alasiri alitoka, kompyuta kifuani. Ua ulikuwa umejaa watu waliovaa nguo za Jumapili. Wamekuja kusikiliza, alijiambia kwa furaha. Akaifungua sura ya kwanza. Kabla hajasoma neno, Marcienne alisimama, mkono tumboni.

"Jana wamenipima," alisema. "Wako wawili. Dada Gisèle, likizo nzima umefunga, tangu asubuhi mpaka jioni hata maji huonji, umejifungia unatuombea sisi. Mama yako alituambia tusikusumbue mbele za Mungu mpaka siku ya leo. Hatukukusumbua. Na Mungu amesikia!"

"Amina!" ua mzima ukaitika.

Gisèle alimtazama mama yake. Mama Eugénie alikuwa anakunja kitenge chake kwa uangalifu mkubwa.

Ndipo Mzee Salvator akajongea mbele, kofia mkononi, uso ukimng'aa.

"Leo asubuhi nimepita hapo nyuma na jerikeni yangu," alisema. "Nimesikia unalitaja jina langu, na unalia kweli. Nikajua zamu yangu imefika. Sema, binti yangu, watu wote wasikie: mimi uliniombea nini?"