Mikono ya Mzee Hamo

"Usiniite mwanao humu ndani," Gervase alinong'ona, akimvuta baba yake nyuma ya nguzo. "Ukiulizwa, hunijui. Nakuomba, baba."

Mzee Hamo aliitazama mikono yake. Kazi ya kulainisha ngozi za ng'ombe kwa magome ya mwaloni ilikuwa imeipaka rangi isiyotoka kwa sabuni wala maombi.

"Hata nikiapishwa?"

"Hata ukiapishwa."

"Haya. Nimekusikia."

Uingereza nzima hakuna aliyejua nembo za ngao, zile alama za koo za kikabaila, kumshinda Gervase. Ndiye aliyezitungia kitabu, na humo aliandika kwamba nembo mtu huirithi kwa baba yake. Kilichomuuma ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa nayo, na aliitamani kuliko chakula. Alikuwa amemdanganya Bwana Thurstan, kabaila aliyemlisha, kwamba yeye ni yatima aliyelelewa na watawa. Sasa kabaila huyo huyo amemwita Hamo kutoka kijijini bila kusema sababu. Gervase alijua yamemfika shingoni.

Walipoingia ukumbini, watumishi walibana pua. "Nani kaleta ngozi mbichi mezani?" mmoja akatania. Gervase alicheka nao. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, lakini alicheka.

"Mwalimu," Bwana Thurstan alimuuliza Gervase, "unamfahamu mzee huyu?"

"Simfahamu, bwana wangu."

"Basi mimi namfahamu." Kabaila aliinuka, akaishika ile mikono ya kahawia mbele ya watu wote. "Nilipoanguka na farasi wangu kule vitani Ufaransa, mikono hii ndiyo iliyonichomoa chini ya maiti. Akaondoka hata jina hakuniachia! Nimemtafuta mpaka nimezeeka."

Kicheko kikakatika.

"Mzee Hamo, nakupa nembo. Ngao ya dhahabu, na juu yake mikono miwili. Ni yako, ya mwanao, na ya wajukuu zako wote. Una mtoto?"

Gervase alifungua mdomo. Mzee hakumgeukia hata kidogo.

"Sina, bwana wangu."

"Lo! Pole sana, mzee wangu." Kabaila alihuzunika kweli. "Haya, Mwalimu Gervase, tuandikie kwa huo mwandiko wako mzuri: hana mrithi, nembo hii atazikwa nayo."

Gervase akachovya kalamu, akaandika.